Likizo ya Mwezi wa Sita

Kwa miaka ishirini na sita watu wa barabara ile hawakuhitaji saa ya kuwaamsha. Saa kumi na mbili asubuhi ilisikika sauti ya fagio chini ya ule ukuta mrefu wa mawe, kwaru, kwaru, kwaru, na baada ya kwaru ya tatu au ya nne ikafuata sauti ya mwanamke anayeitukana miti. Ndiyo maana wakamwita Bi Kwaru. Jina lake la kwenye kitambulisho alilijua yeye mwenyewe, mumewe na karani wa mishahara, na hata huyo karani siku moja alijisahau akaandika Bi Kwaru kwenye bahasha.

Alikuwa mfagiaji wa halmashauri. Mwili mdogo, mguu mwepesi, mdomo usio na breki. Eneo lake lilikuwa kipande cha barabara kama mita mia mbili hivi, kutoka lango la chuma lililoliwa na kutu mpaka kona ya duka la vipuri. Upande mmoja palikuwa na nyumba na maduka madogo. Upande wa pili ulikuwa ukuta, na nyuma ya ukuta kulikuwa na mahali ambapo watu wote walipaita Ukutani.

Ukutani palikuwa na jumba la ghorofa moja lililojengwa zamani na tajiri fulani ambaye hata sura yake haikumbukwi na mtu. Paa lilikuwa limeshuka upande wa jikoni, madirisha yamebaki matundu. Kulikuwa na ekari kumi na mbili za bustani iliyoachwa ijiendee: bwawa la samaki lisilo na samaki, ngazi za mawe zinazopanda kwenda mahali ambapo sasa ni magugu, mfereji wa maji uliojaa udongo, na njia ya magari iliyokwenda sambamba na ukuta kutoka langoni hadi jumbani, ikiwa na miti mikubwa upande wa ukuta. Warithi walikwisha, au walihama, au waligombana. Halmashauri ikachukua, ikatia kufuli, ikapoteza ufunguo, ikasahau.

Miti haikusahau kazi yake. Matawi yalivuka ukuta yakaning'inia barabarani, na kila kilichodondoka kilidondokea kwenye eneo la Bi Kwaru. Majani, maua, vijiti, maganda, unga wa njano unaowasha pua.

"Aliyepanda miti hii," alikuwa akisema kila asubuhi huku fagio likienda, "popote alipo ajue ana kesi na mimi."

Mumewe alikuwa fundi viatu, na kibanda chake kilitazamana na lango. "Mke wangu, miti haisikii," alikuwa akimwambia.

"Haisikii, lakini wewe unasikia. Inanitosha."

Kila mwaka aliandika barua ya kuomba ahamishiwe barabara nyingine, na kila mwaka barua ilipotea kwenye faili. Alichopata ni likizo yake tu, na likizo yake aliichukua mwezi wa sita, kwa sababu mwezi wa sita ndio mwezi pekee ambao hakudondoki kitu. Wafagiaji wenzake walimcheka. Mtu mwenye akili huchukua likizo taka zikiwa nyingi, akamwachia mwingine zigo. Bi Kwaru alikuwa na jibu lake: "Nikiondoka mwezi wa kumi nitarudi nikute mlima. Huyo wanayemleta badala yangu anafagia kama anapapasa mgonjwa." Ndivyo alivyokuwa. Aliichukia ile taka kwa moyo wote, lakini hakuweza kuvumilia kuona mtu mwingine akiifagia vibaya.

Siku moja asubuhi alikuta tangazo limebandikwa langoni. Halmashauri inautaarifu umma kwamba eneo litasafishwa, gofu litabomolewa, miti yote itakatwa, na patajengwa maghala na maegesho ya malori. Chini yake kulikuwa na muhtasari wa ripoti ya mtaalamu, mistari miwili tu. Jengo: gofu. Ardhi: pori lisilo na thamani.

Bi Kwaru alilisoma kwa kupitisha kidole chini ya kila neno. Muuza magazeti akamtania kutoka ng'ambo. "Bi Kwaru, sherehe lini? Adui zako wote wanakwenda chini." Watu wakacheka, wakangoja amjibu, kwa sababu kujibiwa na Bi Kwaru kulikuwa nusu ya burudani ya barabara ile. Hakujibu. Alishika fagio akafagia mpaka kona, kimya, bila kulitukana hata jani moja. Fundi viatu aliliona hilo akaweka kiatu chini.

Mchana alipokwenda kumpelekea chakula kibandani, mumewe alimgusa paji la uso. "Una homa?"

"Pori," akasema Bi Kwaru. "Wameandika pori. Ina maana miaka ishirini na sita nimekuwa nafagia pori?"

"Si ulikuwa unataka ikatwe?"

"Nani kasema nataka ikatwe? Nilikuwa naisema tu. Wewe nakusema kila siku, nimewahi kutaka ukatwe?"

Fundi viatu akafunua chakula. Na Bi Kwaru mwenyewe alishangaa. Alikuwa na miaka hamsini na saba, amebakiza mitatu astaafu, na ndiyo kwanza anagundua kwamba anaipenda ile miti. Aliona haya, kama mtu mzima anayekutwa anacheza. Lakini lilikwishamwingia na halikutoka. Ile miti ikikatwa, hajui ataamkia nini.

Jirani mmoja, mwalimu mstaafu wa jiografia, alikuwa ameanzisha kamati ya kupatetea Ukutani. Walikutana sebuleni kwake, watu saba kwenye viti vyenye vitambaa, na kazi yao kubwa mpaka hapo ilikuwa kuandika barua na kubishana juu ya neno la kuanzia. Wiki tatu baada ya tangazo, Bi Kwaru alipobisha hodi akiwa bado na sare ya halmashauri, walidhani amekuja kuwapeleleza.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kusaidia."

"Marahaba, mama. Kusaidia kufanya nini?"

"Chochote ambacho ninyi hamjaweza."

Mwalimu alikuwa mpole, hakuchukia. Akamweleza jambo lenyewe. Jumba peke yake lilikwisha kuharibika mno, halitoshi kuwa hoja. Lakini kama itathibitika kwamba bustani ilipangwa na kupandwa na watu, kwa mpango, basi ofisi ya malikale inaweza kuilinda yote, nyumba na ardhi. Ikionekana ni miti iliyojiotea tu, basi, wamekunja jamvi. Ofisi imekubali kumtuma mkaguzi wake aje aone kwa macho yake, na ilitaka pia kujua kama wakazi wenyewe wanalitaka jambo hilo. Kwa wiki tatu kamati ilikuwa imepata sahihi thelathini na moja.

Bi Kwaru aliomba karatasi. Alizitia kwenye mfuko wa plastiki, akauweka kwenye toroli lake la taka, na kuanzia kesho yake akawa anafagia na kusainisha. Nani angemkatalia? Kila nyumba aliijua kwa kile inachotupa. "Wewe wa viroba vitatu kila Jumatatu, njoo hapa uweke sahihi. Na wewe, baba, unayeficha chupa chini ya maganda ya vitunguu, shikamoo, kalamu hii hapa." Baada ya siku kumi na tano alimrudishia Mwalimu majina mia tisa na arobaini. Mwalimu aliyahesabu mara mbili, kisha akamwita mkewe aje ahesabu.

Habari haikuchukua muda kufika halmashauri. Msimamizi wa usafi alimwita ofisini, chumba chenye feni moja na rundo la mafagio mapya nyuma ya mlango. Alikuwa kijana wa umri wa kuwa mwanawe, na tatizo la kumkaripia mtu wa umri wa mama yako ni kwamba huwezi kukaa wala kusimama vizuri.

"Mama, wewe ni mtumishi wa halmashauri. Halmashauri ndiyo inayojenga pale. Sasa unapigana na nani?"

"Mimi nafagia tu, mkuu."

"Na hizi sahihi?"

"Nazo nilizikuta barabarani, nikazifagia."

Msimamizi alijizuia kucheka, akashindwa, akakohoa. Kisha akasema kwa upole, na huo upole ndio uliomtisha Bi Kwaru. "Umebakiza miaka mitatu, mama yangu. Usijichongee."

Alitoka pale akaenda moja kwa moja kibandani akaketi kwenye kigoda cha wateja, akamweleza mumewe neno kwa neno. Fundi viatu alipiga msumari mmoja, akapiga wa pili.

"Wakikufukuza," akasema, "utakuja kukaa hapa na mimi, uwe unatukana wateja. Wengine wanastahili."

Basi likaisha hapo. Bi Kwaru alipiga moyo konde, na kesho yake saa kumi na mbili kwaru ikasikika kama kawaida.

Sasa nifike kwenye kosa la Bi Kwaru, maana bila kulisema nitakuwa nawadanganya. Mkaguzi alipangwa kuja Jumatatu. Mwalimu alikwisha kupata kibali cha kufungua lango na kufyeka njia ili mgeni apite. Jumamosi watu walijaa na mapanga na majembe, na walipouliza waanzie wapi, wote walimtazama Bi Kwaru, kwa sababu ndiye mwenye uzoefu wa serikali. Naye alijibu bila kupepesa macho: chokaa. Miaka ishirini na sita aliyotumikia halmashauri, kila alipokuja mgeni mkubwa, kitu cha kwanza kilikuwa chokaa. Chokaa kwenye kingo za barabara, chokaa kwenye mashina ya miti, chokaa kwenye mawe, na kama mgeni ni mkubwa sana, chokaa kwenye mawe yaliyopakwa chokaa wiki iliyopita. Hiyo ndiyo heshima. Mgeni asipoona chokaa atajua hakungojewa.

Wakapaka. Wakafyeka vichaka na miche yote iliyoota ovyo njiani mpaka udongo ukawa kama umenyolewa. Kila shina likavaa sketi nyeupe mpaka usawa wa kiuno. Wakachukua mawe yaliyoanguka kwenye jumba, wakayapanga duara kuzunguka kila mti, wakayapaka nayo. Wakapaka ngazi, wakapaka ukingo wa bwawa. Jioni Mwalimu alisimama langoni akatokwa na machozi ya furaha. Kila mtu alimpongeza Bi Kwaru. Fundi viatu peke yake ndiye alikuna kidevu.

"Pamependeza," akasema. "Kama kituo cha polisi."

Jumatatu saa nne mkaguzi aliwasili. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, viatu vyake vina matope ya mahali pengine, na si mtu wa kuchekacheka. Pamoja naye alikuja afisa mipango wa halmashauri akiwa amekumbatia faili. Kamati ilijipanga upande mmoja. Bi Kwaru alisimama langoni na sare yake na fagio lake, kwa kuwa alikuwa kazini na barabara ni yake.

Mkaguzi alipiga hatua mbili ndani, akasimama. Alitazama ile njia nyeupe kwa muda mrefu. Alikwenda kwenye shina la kwanza, akalipitishia kiganja, kiganja kikatoka cheupe. Akachuchumaa kwenye mawe.

"Nani amepanga haya mawe?"

"Sisi," akasema Mwalimu, kifua mbele.

"Lini?"

"Juzi, Jumamosi."

Afisa mipango hakuweza kujizuia. Alifungua faili, akatoa picha. "Mama mkaguzi, hivi ndivyo palivyokuwa wiki iliyopita. Kichaka kitupu. Hawa wamefyeka kila kilichokuwa katikati, wakabakisha miti iliyokaa kama mstari, wakaizungushia mawe. Hii bustani ina umri wa siku mbili." Kisha akaonyesha mbele kwa kalamu. "Na hata huo mstari wenyewe, ona pale, una pengo la kupitisha lori. Mtu aliyepanga safu anaachaje pengo kama lile?"

Mkaguzi alijifuta kiganja kwenye kitambaa. "Mmeifanya kazi yangu kuwa ngumu," akawaambia wanakamati, bila ukali. "Sina tena namna ya kujua kipi ni cha zamani na kipi ni cha Jumamosi." Akafunga daftari lake.

Mwalimu, mtu aliyefundisha miaka thelathini na tano, alisogeza jiwe moja kwa ncha ya kiatu. Wote waligeuka kumtazama Bi Kwaru, na hakuna aliyemlaumu kwa mdomo, ila macho hayana siri. Alijiona ameiua ile miti kwa mkono wake mwenyewe, kwa ndoo na brashi. Mkaguzi alikuwa amekwisha kugeuka kuelekea garini.

"Mama mkaguzi, samahani," akasema Bi Kwaru. Sauti ilitoka ndogo, haikufanana na yake. "Chokaa ni kosa langu. Mimi ndiye niliyewaambia wapake. Nilijua ndivyo mgeni anavyopokewa."

"Nimeelewa, mama. Pole."

"Lakini taka si ya Jumamosi."

Mkaguzi akasimama. "Taka gani?"

"Taka yangu. Mimi nafagia hapa nje mwaka wa ishirini na sita huu. Taka yangu inatembea."

Afisa mipango alitabasamu akitazama saa yake. Lakini mkaguzi alirudi hatua moja. "Inatembeaje?"

Bi Kwaru hakuwahi kueleza jambo hili kwa mtu, kwa sababu hakuwahi kudhani ni jambo. Alidhani miti yote duniani huishi hivyo. Akaeleza kama anavyoeleza mtu njia ya kwenda sokoni. Mwezi wa kwanza toroli lake hukaa hapa karibu na lango, chini ya mti huu wa kwanza, ambao yeye anauita Mwasho kwa sababu ya unga wake. Mwezi wa pili Mwasho unanyamaza, mwarobaini unaofuata unaanza kupukutisha, naye anasogeza toroli. Mwezi wa tatu anasogea tena. Wa tano ni mjohoro na yale maua yake ya njano. Wa kumi ni mjakaranda, barabara inageuka zambarau na watu wanapiga picha huku yeye mgongo unamuuma. Wa kumi na mbili yuko kule konani, kwenye mti wa maua mekundu, na mwaka ukiisha anarudi na toroli lake langoni aanze upya. "Sijawahi kufagia sehemu mbili mwezi mmoja," akasema. "Ila siku za upepo."

Daftari lilikuwa limefunguliwa tena. "Leo ni mwezi wa nane," mkaguzi akasema. "Unafagia wapi?"

"Toka nje uone mwenyewe. Nilifagia barabara yote saa kumi na mbili."

Walitoka wote, kamati, afisa na faili lake. Barabara ilikuwa safi kuanzia langoni, safi, safi, halafu mahali pamoja pametandikwa majani makubwa mekundu ya mti wa mkungu, kama jamvi, kisha safi tena mpaka kona. Mkaguzi alitembea taratibu akihesabu vilele vya miti juu ya ukuta. Alihesabu mara mbili.

"Huu ni wa saba, si wa nane," akasema.

"Haiwezekani," akasema Bi Kwaru. "Mwezi wa saba nilikuwa kwa jirani yake, na huyu ni wa nane."

"Basi niambie wa sita."

"Mwezi wa sita nakuwa likizo."

Watu wakacheka, hata afisa mipango. Mkaguzi hakucheka. "Kwa nini mwezi wa sita?"

"Kwa sababu hakudondoki..." Bi Kwaru akaishia hapo. Aliutazama ukuta, akatazama mjohoro, akatazama mti wa baada yake, na katikati yao palikuwa na ile nafasi ya kupitisha lori. Miaka yote ile alikuwa akipumzika kwenye pengo. Alikimbilia ndani ya lango bila kuaga mtu.

Alilaza fagio chini kwenye shina la mti wa nne, akapima kwa mpini mpaka kwenye mjohoro. Mipini tisa. Akapima mwarobaini na jirani yake. Mipini tisa. Kisha akaanza kwenye mjohoro kuelekea pengoni, akiinama na kuinuka, akihesabu kwa sauti, na mkaguzi anamfuata nyuma. Alipofika tisa alisimamisha fagio, akalichomeka ardhini.

"Hapa," akasema.

Hapakuwa na kitu. Udongo mtupu na alama za mapanga ya Jumamosi. Muuza magazeti alileta jembe, fundi viatu akalipokea, akachimba. Kwenye kina cha goti jembe liligonga. Mkaguzi alimsimamisha, akashuka shimoni kwa magoti na nguo zake nzuri, akafukua kwa mikono. Yalikuwa matofali mekundu membamba, ya aina ambayo hakuna tena anayeyafyatua, yamepangwa duara safi, na ndani ya duara kulikuwa na udongo mweusi wenye vipande vya mzizi uliooza.

"Matofali tu hayo," akasema afisa mipango, lakini bila nguvu.

"Ndiyo," akasema mkaguzi. "Na hayana chokaa."

Wakachimba pembeni ya mti wa saba, nje ya mawe ya Jumamosi. Duara lilelile, kina kilekile. Pembeni ya mwarobaini, vilevile. Mtu mmoja, zamani, alikuwa amechagua miti kumi na miwili iliyopokezana mwaka mzima, akachimba mashimo kumi na mawili kwa kipimo kimoja, akayajengea matofali ambayo alijua hayataonekana na mtu. Kisha wa sita ukafa, na hakuna aliyekumbuka. Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu sana. Watu walikuwa wanakumbatiana. Fundi viatu ndiye peke yake aliyemwona mkewe akichuchumaa kando ya lile shimo la kwanza, akaligusa tofali kwa ncha za vidole, akasema taratibu, "Shikamoo, mzee."

Uamuzi ulikuja baada ya miezi minne. Ukutani palilindwa pote: jumba, bwawa, ngazi, mfereji, miti kumi na mmoja, na nafasi ya wa kumi na mbili. Hiyo nafasi iliandikwa kwenye hati kwa maneno hayohayo. Malori yakatafutiwa pengine.

Na Bi Kwaru naye alipata barua yake. Msimamizi alimkabidhi mwenyewe, macho yakiwa kwenye feni. Kwanza, onyo. Pili, kuhusu maombi yake ya miaka mingi ya kuhamishwa, halmashauri imeyatafakari na kuyakataa. Ataendelea kufagia barabara ileile hadi siku ya kustaafu.

"Mna hakika?" akauliza Bi Kwaru. "Hamtabadilisha mawazo?"

"Hatutabadilisha, mama."

"Naomba muhuri hapa, basi."

Mwaka uliofuata, likizo ilipofika, hakukaa nyumbani. Mwezi wa sita mzima alizunguka mji kwa miguu, shingo juu, anatazama miti. Mumewe alimuuliza anatafuta nini, akamwambia anatafuta kazi. Mwisho aliupata nyuma ya hospitali: msufi uliokuwa unavua majani yake yote, kiasi kwamba mfagiaji wa pale alikuwa ameketi ukingoni akiwa amekata tamaa kabisa. Bi Kwaru alikaa naye, akamuuliza huanza lini, huisha lini, majani yakilowa yanashika vipi. Yule mwenzake alimjibu kwa uchungu wote alionao. Bi Kwaru alishukuru, akaenda kwa muuza miche.

Waliupanda mvua zilipoanza, mwezi wa kumi, ndani ya duara lilelile la matofali. Mkaguzi alikuja, safari hii akakuta mashina hayana chokaa. Mwalimu alitoa hotuba ndefu kidogo kuliko ilivyotakiwa. Kisha Bi Kwaru akakabidhiwa mche, nao haukumfika hata gotini. Aliuingiza shimoni, akarudishia udongo, akaushindilia kwa viganja.

Fundi viatu aliinama sikioni kwake. "Mti huu ukikua, likizo ya mwezi wa sita imekufa."

"Ukikua mimi nitakuwa nimestaafu zamani."

"Na yule atakayefagia baada yako?"

Bi Kwaru aliendelea kushindilia udongo, taratibu, mpaka ukawa sawa pande zote. Nje ya ukuta mjakaranda ulikuwa umekwisha kuanza vituko vyake, na kazi ilikuwa inamngoja.

"Atasimama pale nje kila asubuhi anitukane," akasema. "Atasema aliyepanda mti huu popote alipo ana kesi na yeye." Akajifuta mikono kwenye sare, akachukua fagio lake. "Na mimi nitamsikia."